Daftari la kura ya maoni: namna ya kuuona mkono wa serikali

Nunua daftari la kurasa 96, lile la shule, na penseli. Fanya hivyo siku ile ya kwanza utakaposikia redioni kwamba kutakuwa na kura ya maoni, ile ya kuulizwa Ndiyo au Hapana juu ya jambo la nchi kama katiba. Usingoje kampeni zifunguliwe. Ukingoja kampeni, mambo makubwa yatakuwa yameshapita na utabaki kuhesabu fulana na leso.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2005 nilikuwa miongoni mwa tuliozunguka vijijini kufundisha elimu ya uraia kabla ya kura ya katiba ya Novemba 21. Mwaka 2010, Agosti 4, nchi ilipopigia kura katiba nyingine, nilisimamia kituo cha kupigia kura katika darasa lile lile nililofundishia hesabu. Madaftari ya miaka hiyo miwili ninayo, karatasi zimegeuka rangi lakini maandishi yanasomeka. Vijana wa kwetu huja kuniuliza, kila wanasiasa wanapoanza kutaja mabadiliko ya katiba, "Mwalimu, tutajuaje kama tunaulizwa kweli au tunapelekwa tu?" Jibu langu ni hili daftari na namna ya kulijaza.

Kwanza nieleweke. Kiongozi ana haki ya kusema anataka nini. Rais naye ni mpiga kura, na mwananchi hapati faida yoyote akifichwa msimamo wa rais wake. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni pale gari la umma, mafuta ya umma, chifu na hati ya shamba vinapowekwa kwenye kitanga kimoja cha mizani. Kazi ya daftari ni kutofautisha haya mawili, kwa maandishi, kila siku.

Piga mistari upate safu nne. Ya kwanza tarehe. Ya pili nani alikuja, kwa cheo chake na kwa gari gani. Ya tatu alisema nini au alitoa nini. Ya nne iache wazi; nitakwambia matumizi yake.

Anza na karatasi

Kazi ya kwanza ya serikali inayotaka kushinda ni kuhakikisha kwamba kinachopigiwa kura ni kile inachokitaka. Kazi hiyo haifanyiki uwanjani penye vipaza sauti. Hufanyika kwenye kamati na kwenye vikao vya Bunge, na ndiyo maana wengi hawaioni.

Angalia yaliyotupata. Wajumbe wa kuandika katiba mpya walianza kukaa Bomas, Nairobi, mwaka 2003, na Machi 2004 wakatoka na rasimu iliyompunguzia rais nguvu na kumpa waziri mkuu mamlaka ya kweli. Rasimu hiyo haikumfikia mpiga kura. Wabunge walikutana hapa kwetu Kilifi mwaka 2005 wakaifumua, Bunge likapitisha mabadiliko mwezi Julai, na Agosti Mwanasheria Mkuu Amos Wako akachapisha maandishi ambayo nchi nzima iliyaita Rasimu ya Wako. Waziri mkuu alikuwamo, ila sasa ni wa kuteuliwa na rais, na nguvu zimerudi Ikulu. Kwa hiyo siku ya Novemba mwananchi alipoulizwa Ndiyo au Hapana, jambo kubwa kuliko yote lilikuwa limeshaamuliwa miezi minne nyuma.

Ukitaka kuuona mkono wa serikali hapa, tafuta rasimu mbili: ile iliyotoka kwa wananchi au kwa tume, na ile inayoletwa kwenye kura. Ziweke sambamba. Sisi tulizisoma chini ya mwembe, jioni, watu kumi na mmoja kwenye mikeka miwili. Mmoja anasoma kifungu cha Bomas kwa sauti, mwingine anasoma cha Wako, na wanapotofautiana mtu wa tatu anaweka alama kwa penseli pembeni. Hatukuwa na mwanasheria. Tulikuwa na fundi cherehani, wauza samaki wawili, mwalimu wa madrasa na wengine wa kawaida kabisa. Jioni ya tatu mzee mmoja, hajui kusoma, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hili neno lililotoka, nani alilitoa?" Sikupata swali bora kuliko hilo katika kazi ile yote. Liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako, na kila unapokuta neno limetoka au limeingia, uliulize.

Ndugu zetu wa Tanzania wanalifahamu swali hilo vilevile. Tume ya katiba ya Jaji Warioba ilipendekeza muungano wa serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Bunge Maalum lilipokutana Dodoma mwaka 2014, Rais Kikwete alilihutubia mwezi Machi akaeleza kwa kirefu shaka zake kuhusu serikali tatu. Humo ndani wabunge na wawakilishi walichanganyika na wajumbe 201 walioteuliwa na rais. Kundi la UKAWA, la wapinzani, likatoka nje mwezi Aprili, na Katiba Inayopendekezwa iliyopatikana Oktoba ikarudi kwenye serikali mbili. Hapakupigwa hata kura moja ya mwananchi, na tayari umbo la swali lilikuwa limebadilika.

Tena usiridhike na maandishi ya kwanza uliyoyaona. Angalia na chapa. Mwaka 2010 nakala za rasimu ya katiba zilizotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali ziligunduliwa zina maneno mawili ya Kiingereza yaliyoingizwa, yenye maana ya "usalama wa taifa", mahali panapozungumzia mipaka ya haki za raia. Maneno yale yangeweza kuifungulia serikali mlango wa kubana haki kwa kisingizio cha usalama. Yaligunduliwa kwa sababu kuna watu walikaa wakalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo uliza nakala yako imetoka wapi, na ulinganishe angalau sura ya haki na sura ya rais.

Hesabu mambo mangapi yamefungwa kwenye kifurushi kimoja

Mbinu ya pili ni kukupa Ndiyo moja kwa mambo hamsini. Unapenda kumi, huyataki matano, mengine huyajui, lakini tiki ni moja. Mwenye kuandaa kifurushi anajua atie asali wapi.

Rasimu ya Wako ilifanya hivyo hata kwenye dini. Sisi watu wa Pwani tulikuwa tunaulizia Mahakama ya Kadhi, ambayo imekuwapo kwenye sheria tangu uhuru. Rasimu ikaweka mahakama za dini kwa jumla, za Waislamu, za Wakristo, za Wahindu. Aliyeandika alitaka kila mtu aone chake. Matokeo yake, katika mikutano yangu Waislamu waliuliza kwa nini jambo lao limetandazwa hivyo, na Wakristo waliuliza wao mahakama hiyo waliiomba lini.

Mswada wa BBI nao, wa kubadilisha katiba, uliozaliwa na ile handisheki, yaani kupeana mkono wa mapatano, ya Machi 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ulikuwa na marekebisho 74 ndani yake. Humo mlikuwa na pesa zaidi kwa kaunti, jambo ambalo hapa Kilifi nani atalikataa. Mlikuwa pia na maeneobunge mapya 70, na cheo cha waziri mkuu wa kuteuliwa na rais. Pindua kurasa, orodhesha kila badiliko kwa mstari mmoja, kisha weka alama mbili: linamgusa mwananchi, au linamgusa mwanasiasa. Utastaajabu alama zitakavyopangana.

Mswada ule haukufika kwenye kura. Mahakama Kuu iliusimamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Agosti, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa kupitia njia ya mwananchi wa kawaida, ile ya kukusanya sahihi milioni moja. Hapa kuna somo la vitendo: jua mswada umekuja kwa mlango gani. Katiba ya 2010, vifungu 255 mpaka 257, ina mlango wa Bunge na mlango wa wananchi. Anayeshika serikali akionekana kwenye mlango wa wananchi, andika kwa kalamu nyekundu.

Tarehe

Hili nalipita haraka kwa sababu ni rahisi kuliona. Uliza siku zilizopo kati ya kutangazwa na kupiga kura. Rwanda mwaka 2015 ilitangaziwa tarehe 8 Desemba kwamba kura ya kubadilisha katiba ni tarehe 18, siku kumi. Mwenye msimamo tofauti hana hata muda wa kukodi uwanja. Ndiyo ilipata asilimia 98.

Tarehe yaweza pia kusogezwa mbele. Tanzania ilipangiwa Aprili 30, 2015. Mwanzoni mwa mwezi huo Tume ya Uchaguzi ikasema uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, haujakamilika, kura ikaahirishwa. Mimi sidai kwamba kila kuahirisha ni njama. Nasema iandike tarehe na sababu iliyotolewa, maana sababu hiyo ndiyo utakayoirudia mwaka unaofuata ukitaka kuuliza imefikia wapi.

Angalia na wanaosusia. Uganda Juni 2000 wananchi waliulizwa kama waendelee na mfumo wa Movement, usio na ushindani wa vyama, au waruhusu vyama vingi. Upinzani ulisusa, Rais Museveni alipigia debe Movement, nayo ikapata zaidi ya asilimia 90, waliojitokeza wakiwa karibu nusu tu. Julai 2005 rais yuleyule aliomba watu waseme Ndiyo kwa vyama vingi, wakasema, tena kwa zaidi ya asilimia 90. Majibu mawili yanayopingana, na yote yanaangukia upande alioutaka rais. Kwa hiyo usiandike asilimia ya Ndiyo peke yake. Andika pembeni yake idadi ya waliobaki nyumbani.

Zawadi

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoona kwa macho yangu.

Mwaka 2005 serikali ya Rais Kibaki ilikuwa upande wa Ndizi, yaani Ndiyo. Chungwa lilikuwa Hapana. Tume ya Uchaguzi chini ya Samuel Kivuitu ilichagua matunda ambayo hata asiyejua kusoma anayatambua. Mwishoni mwa Septemba, wiki chache kabla ya kura, serikali ilitangaza kwamba Amboseli si mbuga ya taifa tena, iende mikononi mwa baraza la wilaya, ambako mapato yake yangebaki kwa watu wa pale, Wamaasai. Watetezi wa wanyamapori wakakimbilia mahakamani. Hati miliki za ardhi nazo ziligawiwa sehemu mbalimbali miezi hiyo. Nataka mnielewe: Mmaasai ana hoja juu ya Amboseli, na asiye na hati ana haki ya hati. Tatizo ni saa. Jambo lililosubiri miaka arobaini linapokuja wiki saba kabla ya kura, saa yenyewe inazungumza.

Kwetu walikuja masaveya, wapima ardhi. Nimeandika: Jumanne, Oktoba, gari moja la serikali na vijana watano wenye kofia za jua. Kijiji kile ni cha maskwota. Wanalima ardhi ya mtu ambaye hata wazee hawajapata kumwona uso. Masaveya walivuta kamba, wakachungulia kwenye darubini yao ya miguu mitatu, wakapigilia vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Vigingi kumi na vinne. Watoto waliwafuata mchana kutwa. Akina mama walipika ubwabwa, wageni wakala. Jioni mkubwa mmoja wa utawala akaitisha baraza, akasema: "Mmeona wenyewe kazi imeanza. Sasa serikali imewapa mkono, na ninyi mpeni serikali mkono." Hakutaja ndizi. Hakuwa na haja ya kuitaja.

Bibi mmoja niliyekaa naye kwenye kigogo aliniinamia akasema polepole: "Mwanangu, nikikataa, vile vijiti watang'oa?" Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Sasa ninalo, nalo ndilo kipimo cha zawadi yoyote. Uliza mambo matatu. La kwanza, je, jambo hili lina bajeti na namba ya mradi, au lina hotuba tu? La pili, litaendelea hata upande wa serikali ukishindwa? Muulize mwenye kutoa, mbele ya watu, kwa adabu: "Mheshimiwa, na tukisema Hapana?" Akikwepa, andika amekwepa. La tatu, kwa nini leo?

Wenye nafasi nao hupewa zawadi. Mapema mwaka 2021, mswada wa BBI ukiwa njiani kwenda kwenye mabunge ya kaunti, wawakilishi wa wadi walikubaliwa ruzuku ya gari, shilingi milioni mbili kila mmoja, wakati awali ulikuwa mkopo wa kulipwa. Yalihitajika mabunge 24. Yaliyopitisha yalizidi arobaini. Kwa hiyo daftari lako liwe na ukurasa wa wanaopiga kura kabla yako: wabunge, wawakilishi, wajumbe. Wao ndio hushawishiwa kwanza, na wao hawapewi leso.

Gari, chifu na kipeperushi

Hili ni la kuandika tu, halihitaji falsafa. Namba za gari: ya serikali au ya mtu binafsi? Mafuta yamejazwa wapi? Nani ameitisha mkutano, chama au chifu? Chifu akiitisha baraza la njaa au la ardhi na katikati akapewa mwanasiasa kipaza sauti, hilo ni baraza la umma lililogeuzwa mkutano wa kampeni. Andika saa lilipogeuka.

Na usidhani haya ni ya Afrika. Aprili 2016 serikali ya Uingereza chini ya David Cameron ilipeleka kipeperushi kwenye kila nyumba, nyumba milioni 27, kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 9, kikieleza kwa nini nchi ibaki Umoja wa Ulaya. Sheria yao inaikataza serikali kutoa machapisho ya namna hiyo siku 28 za mwisho kabla ya kura. Kipeperushi kilitoka kabla ya siku hizo kuanza. Unaona? Sheria ilifuatwa, na pesa ya umma bado ilizungumza upande mmoja. Juni 23 waliotaka kutoka wakapata asilimia 51.9 na Cameron akatangaza kujiuzulu kesho yake asubuhi.

Elimu ya uraia ichunguze vilevile. Mimi nilikuwa ndani yake. Kuna siku tuliletewa vijikaratasi ambavyo picha za upande mmoja zilikuwa za watu wanaocheka na upande wa pili uso umekunjwa. Tulivirudisha na posho ya wiki ile hatukupata. Ukimwona mwalimu wa uraia anakwambia uchague nini, muombe akusomee kifungu badala ya kukueleza.

Wahesabu viongozi kuliko zawadi

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila ninayemfundisha nampa. Pamoja na vigingi, hati, mbuga na magari, Ndizi ilishindwa. Hapana ilipata asilimia 58 kwa 42, na ikashinda kwenye mikoa saba kati ya minane, Pwani ikiwemo. Mkoa wa Kati peke yake ulibaki na rais. Siku mbili baada ya kura Kibaki akavunja baraza la mawaziri, akawabakisha Makamu wa Rais na Mwanasheria Mkuu.

Kwa nini? Fungua safu ya pili ya daftari langu, ile ya nani alikuja. Kwenye majukwaa ya Chungwa walikuwapo mawaziri wa serikali hiyohiyo: Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Najib Balala wetu. Pamoja nao Uhuru Kenyatta na William Ruto wa upinzani. Mtu aliyepewa hati na serikali asubuhi alimsikia waziri wa serikali akimwambia jioni aikatae. Mkono mmoja unatoa, mwingine unafuta. Na watu wengi walikuwa na dukuduku lao na Kibaki tangu ile ahadi ya katiba ndani ya siku mia baada ya uchaguzi wa 2002. Walipopata karatasi yenye Hapana, wakamjibu yeye.

Miaka mitano baadaye Kibaki na Raila walisimama jukwaa moja, Ndiyo ikawa kijani, Hapana nyekundu. Ruto aliongoza wekundu akiwa na Rais mstaafu Moi na makanisa mengi yaliyokasirishwa na kifungu cha kadhi na cha uavyaji mimba. Ndiyo ilipata kura zaidi ya milioni 6, Hapana chini ya milioni 3. Siku nne tu kabla yake, Julai 31, 2010, Zanzibar nao walipiga kura juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, baada ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad kukaa pamoja Novemba 2009. Ndiyo ilipata asilimia 66.4. Watu waliogombana miaka na miaka waliambiwa jambo moja na viongozi wa pande zote mbili, wakalikubali.

Kwa hiyo, ukitaka kukisia kura itaelekea wapi, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande huu andika viongozi wakubwa wanaounga mkono, kila mmoja na eneo analosikilizwa. Upande ule wanaopinga. Serikali ikiwa moja na upinzani wake mkubwa umeingia ndani, itashinda hata kwa kampeni ya kivivu. Ikiwa imepasuka, pesa haitaunganisha ufa.

Kisha andika jambo la pili: watu wanazungumzia karatasi au wanamzungumzia rais? Sikiliza kwenye matatu, sokoni, kwenye foleni ya maji. Charles de Gaulle wa Ufaransa alisema akishindwa kura ya Aprili 1969, iliyohusu mikoa na Seneti, ataondoka. Kura ikageuka ya kumbakiza au kumtoa. Alipata chini ya asilimia 48, na kesho yake hakuwa rais. Matteo Renzi, waziri mkuu wa Italia, aliweka cheo chake rehani vivyo hivyo Desemba 2016 na akaenda njia hiyohiyo. Kiongozi anapoifungamanisha kura na kiti chake, anadhani anaongeza uzito upande wake, kumbe anawapa wote waliokerwa naye, hata kwa bei ya unga, siku moja ya kukutana.

Kwako wewe mpiga kura hili ni hatari kwa pande zote. Unaweza kukataa karatasi nzuri kwa hasira, au ukakubali mbaya kwa mapenzi. Mimi hufanya hivi, na niliwafundisha wanakijiji wafanye: funika jina la rais kwa kidole, kisha soma kifungu cha mamlaka ya rais ukimfikiria kiongozi unayemwogopa kuliko wote ameketi pale. Ukiweza kulala usingizi, kifungu ni kizuri.

Siku ya kura na baada yake

Siku ya kura andika muda kituo kilipofunguliwa, waliojiandikisha ni wangapi na waliopiga ni wangapi. Matokeo yakibandikwa mlangoni, yanakili kwa mkono hata kama umeyapiga picha, simu huibwa. Sisi mwaka 2010 tulihesabu kwa taa ya kandili mpaka saa tatu usiku, kila karatasi nikiinua juu mawakala wa pande zote mbili waione, kijani, nyekundu, kijani. Nilipotoka watu walikuwa bado wamekaa uwanjani kwenye nyasi, wengine na watoto wamelala mapajani, wakisubiri tu kusomewa namba zao.

Sasa ile safu ya nne. Hesabu siku tisini baada ya matokeo, kisha rudi kila mahali palipoahidiwa kitu, na daftari lako, uijaze. Kisima kimechimbwa? Hati imetoka? Barabara imemwagwa changarawe? Andika ulichokiona kwa macho, si ulichoambiwa. Nenda na aliyekuwapo siku ya ahadi, ili pasiwe na ubishi.

Mimi nilirudi kwenye kile kijiji cha maskwota Februari 2006. Bibi yule alinipeleka mwenyewe, anatembea mbele na fimbo yake. Masaveya hawakuwa wamerudi tena. Tulikuta vigingi vitano. Vingine tisa, akasema, viling'olewa na wavulana vikawashiwa moto wa kuchomea mahindi. Vile vitano alikuwa amevizungushia miiba, mbuzi wasivisukume. Niliandika: "Vitano. Vinalindwa."

Mwaka 2010, wiki moja baada ya kura, nilipita tena. Viwili.